Serikali Inapoiripotia Geneva Kuhusu Ajira, Chama Chako Kisikae Kimya

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandaa maoni ya shirikisho la vyama vya wafanyakazi kuhusu Mkataba Namba 122 wa Shirika la Kazi Duniani, lenye makao yake Geneva, ule wa mwaka 1964 unaoitaka nchi iliyouridhia ifuate sera hai ya kukuza ajira kamili, yenye tija na inayochaguliwa kwa hiari. Nawasihi viongozi wa vyama katika nchi zinazoendelea wasiiachie serikali peke yake kuliripotia Shirika jinsi inavyoutekeleza. Kamati ya Wataalamu, chombo cha Shirika chenye wajumbe 20 kinachopitia ripoti hizo, haipeleki wakaguzi viwandani wala mashambani. Kazi yake ni kusoma maandishi, na lisiloandikwa haitalijua.

Kabla ya kuandika chochote, someni hoja ambazo Kamati iliielekezea serikali mara ya mwisho, kwani zimewekwa wazi kwenye tovuti ya Shirika. Jibuni hoja kwa hoja, kwa vielelezo. Ripoti moja niliyoisoma ilimaliza suala zima la mashauriano kwa sentensi moja, kwamba wadau walishirikishwa ipasavyo. Sisi tuliambatisha barua ya mwaliko iliyotufikia jioni ya kuamkia mkutano, pamoja na nakala ya sera tuliyogawiwa siku hiyo ikiwa imekwisha kupigwa chapa. Baadaye Kamati iliitaka serikali ieleze ni akina nani walioshauriwa na maoni yao yalibadilisha nini.

Ibara ya 3 ya Mkataba inataka washauriwe wawakilishi wa wote wanaoguswa na sera, na Kamati huwahesabu humo pia watu wa vijijini na wa sekta isiyo rasmi. Hapa vyama vyetu vina deni kubwa, kwa sababu tumezoea kuwasemea wenye mishahara ilhali wengi wanaotafuta riziki ni wachuuzi, vibarua na wakulima wadogo. Waiteni mapema, na maneno yao yaingie kwenye maoni yenu.

Msiogope kugusa bajeti. Ibara ya 2 inaifungamanisha sera ya ajira na sera nzima ya uchumi na jamii. Kwa hiyo, ikiwa masharti ya mkopo wa nje yamesimamisha kuajiri walimu au wauguzi, hilo ni jambo halali kabisa kuliandika, hata kama wizara ya kazi itasema ni la wizara ya fedha. Kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa wakopeshaji huangalia matumizi ya serikali, na ni wachache wanaouliza aliyekosa kazi amekwenda wapi.

Ombeni kwa barua nakala ya ripoti ya serikali, ambayo Ibara ya 23 ya Katiba ya Shirika inailazimu iwape. Wizara ikichelewa, pelekeni maoni yenu Geneva moja kwa moja kabla ya tarehe 1 Septemba ya mwaka ambao ripoti inadaiwa. Msiipoteze nafasi hiyo, kwani ripoti ya mkataba huu hudaiwa kila baada ya miaka mitatu.