Sanamu za Wagiriki hazikuwa nyeupe

Ndugu, umeuliza kama Wagiriki wa kale walipenda marumaru nyeupe tupu. Hapana, sanamu zao walizipaka rangi. Mvua, jua na miaka ndivyo vilivyoziondoa rangi hizo. Mtazame Phrasikleia, sanamu ya kaburi ya msichana, aliyechongwa na Aristion wa kisiwa cha Paros yapata mwaka 550 KK. Alifukuliwa mwaka 1972 huko Merenda, karibu na Athens, na kwa kuwa alikuwa amefichwa ardhini, gauni lake bado lina wekundu na nakshi za maua, mkononi kashika tumba la yungiyungi. Sasa yuko Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia, Athens. Kinachonigusa zaidi ni maandishi ya kaburi lake: ataitwa mwali daima, maana miungu walimpa jina hilo badala ya ndoa.