Laini mbili kwenye nguzo moja

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya mitandao hapa Arusha, jambo la kwanza ninalowaomba halihusu ruta. Tokeni ofisini, mfuate faiba yenu kwa miguu, nguzo kwa nguzo, mpaka itakapowapotea.

Nilikuwa nikiihudumia ofisi moja ya utalii upande wa Njiro. Ilikuwa na laini mbili za kampuni mbili tofauti, ruta mbili, swichi mbili, na bili mbili kila mwezi. Asubuhi moja ya msimu wa wageni lori liligonga nguzo, na laini zote mbili zikazima kwa pamoja. Kumbe kampuni zote mbili zilikuwa zimetundika waya kwenye nguzo zilezile. Kwenye mchoro wangu kulikuwa na kila kitu isipokuwa nguzo. Watu wa bukingi walishinda siku nzima wakijibu wageni kwa bando za simu zao, na mpaka leo siku hiyo inaniuma.

Fanyeni hesabu. Laini inayofanya kazi asilimia 99 ya muda hulala takriban saa 88 kwa mwaka. Mkiwa na mbili za namna hiyo, zisizotegemeana, muda wa kulala zote kwa pamoja unashuka hadi chini ya saa moja. Uzito wote uko kwenye hilo neno "zisizotegemeana". Nguzo moja huivuruga hesabu hiyo, na mtaro mmoja, UPS moja (betri ya dharura ya vifaa) au soketi moja ya ukutani vilevile. Hata baharini ni hivyo hivyo: tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom, nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari, ilikatika siku moja, na intaneti ya Tanzania ikayumba. Aliyenunua huduma kwa kampuni mbili zinazopita huko kote aliumia kama mwenye moja.

Pale Njiro tuliiacha faiba moja, ya pili tukaibadilisha kuwa redio ya intaneti isiyo na waya juu ya paa, yenye betri yake.

Hapo ndipo nikakutana na kosa la pili, ambalo naona wengi mnalirudia. Ruta haijui kwamba njia imekufa, inajua tu kwamba waya umechomekwa. Ukiandika ruti tuli mbili, yaani njia ulizoziandika kwa mkono, kuu ikiwa na umbali wa 1 na ya akiba umbali wa 2 (yenye namba ndogo hutumika kwanza), ile ya kuu haitaondoka ikiwa faiba imekatika mbele huku kifaa cha mtoa huduma kilichopo ofisini kwenu bado kinawaka taa. Pakiti zinaenda kupotea na akiba imekaa tu. Kwenye ruta za MikroTik kuna kipimo cha kupigia lango, yaani kifaa cha kwanza cha mtoa huduma mnakopitia kutoka nje, ping (ujumbe mfupi wa kuuliza kama kipo) kila sekunde 10, nalo likikosa kujibu mara mbili ruti inashushwa. Lakini lango hilo mara nyingi liko hapahapa mjini, litajibu hata kama njia ya kwenda Dar es Salaam imekatika. Pimeni anwani iliyo mbali, na hakikisheni ping hiyo inapita kwenye laini kuu peke yake, la sivyo itajibiwa kupitia akiba na ruta itadanganyika.

Kwa ruta mbili za ndani, VRRP, utaratibu wa ruta mbili kushiriki anwani moja ya lango la ofisi, inatosha. Kuu ikifa, ya akiba inachukua lango baada ya sekunde tatu hadi nne, watumiaji hawagusi chochote. Mkitumia OSPF, ambayo ruta huitumia kupashana habari za njia, kumbukeni kwa kawaida inasubiri sekunde 40 kabla ya kumhesabu jirani amekufa. Simu zinazopita kwenye intaneti haziwezi kuvumilia hivyo, wekeni BFD, inayogundua haraka zaidi kwamba jirani amekufa.

Na mkigawa mzigo kwenye laini mbili zenye upana sawa, kila moja isizidi nusu. Mbili zenye asilimia 70 zina maana moja ikianguka nyingine itadaiwa 140.

Sasa kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa kumi jioni, tunachomoa faiba kwa mkono, meneja akiwepo. Mara ya kwanza ruti ilihama vizuri, ping kutoka kwenye ruta ikajibu, lakini hakuna kompyuta hata moja iliyofungua ukurasa. Sheria ya NAT, inayobadilisha anwani za kompyuta za ndani ili ziweze kutoka nje, ilikuwa imefungwa kwenye mlango wa laini kuu peke yake. Nililigundua hilo ofisi ikiwa tupu, nikalirekebisha kabla ya saa kumi na moja.