Matundu ya egemeo la kiti hayalingani

Ndugu, matundu ya egemeo kutolingana na vyuma vya ubavuni, kama ulivyoeleza, mara nyingi husababishwa na kukaza bolti ya kwanza hadi mwisho kabla nyingine hazijaingia. Zilegeze zote, ziingize kwa vidole, kisha uzikaze kwa zamu ukitumia kile kifunguo chenye umbo la L kilichomo ndani ya boksi. Mtungi wa gesi, yaani ile nguzo ya chini ya kiti inayokipandisha na kukishusha, hauhitaji bolti, kwa kuwa ncha zake hupungua unene kidogo na uzito wa mkaaji ndio unaoubana; usiugonge kwa nyundo wala kuutoboa. Kiti changu nilikifunga sebuleni Sinza mwezi Februari, na joto lilinichosha kuliko kazi yenyewe. Baada ya wiki moja, kagua bolti tena.