Mara moja kati ya 495: barua kwa mwanangu

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Sisi huku Moshi hatujambo. Goti la mama yako limetulia, na gereji inakwenda. Msimu huu wa masika wateja wanaleta magari yaliyolala kwenye tope usiku kucha, halafu wanasema, "Mzee, we angalia tu, halina shida kubwa."

Sasa swali lako. Umesema mlimpeleka mjukuu wangu kwenye lile jumba la mashujaa wa NASCAR, yale mashindano makubwa ya mbio za magari ya Marekani, hapo Charlotte, mkaliona jina la Wendell Scott, dereva mweusi wa zamani, na mumeo akasoma hesabu zake kwa sauti: mashindano 495, ushindi mmoja. Ukaniandikia, "Baba, wewe ndiye uliyetusimulia habari za mzee huyu tangu tuko shule ya msingi. Mtu akishinda mara moja tu, amewaachia nini wanawe? Na kwa nini familia nzima ilikaa karibu miaka sitini inadai kikombe cha ushindi huo?" Nakujibu kwa barua kwa sababu kwenye simu ungenikatisha.

Nianze na hizo hesabu, maana ndizo zilizomkwaza mumeo. Fundi akisikia dereva ameshinda mara moja kati ya 495, swali lake la kwanza ni hili: alikuwa anaendesha gari la nani?

Mbio zile zilianza na magari ya kawaida, yale yale yanayouzwa dukani, baadaye yakavuliwa viti na kufungwa mabomba ya chuma ndani ili paa lisimwangukie dereva. Lakini kufikia miaka ya sitini, kampuni kubwa kama Ford na Chrysler zilikuwa zinamwaga pesa kwa timu zao: injini mpya, wahandisi, tairi kwa rundo. Scott hakuwa na kampuni nyuma yake. Alinunua magari yaliyokwisha kutumiwa na wenzake, akafungua spea kwenye magari mabovu, akafunga tairi ambazo timu nyingine zilishazikinai. Mwenye timu ni yeye, fundi mkuu ni yeye, dereva ni yeye, na mwenye madeni ni yeye. Mtu wa namna hiyo akiligonga gari Jumapili, Jumatatu hapigi simu kiwandani, anaingia uvunguni. Kwa hiyo haendeshi kwa kasi yote aliyonayo mguuni. Anaendesha kwa kasi ambayo mfuko wake unaweza kuilipia.

Weka hilo akilini, kisha rudi kwenye hesabu. Mara 147 alimaliza katika kumi bora. Mara 20 katika tano bora. Mwaka 1966 alimaliza msimu akiwa wa sita katika pointi, kwa magari ambayo wengine walishayachoka. Mimi nikiziona namba hizo natoa kofia, na ule ushindi mmoja sijaufikia bado.

Zamani, Safari Rally ilipokuwa bado inavuka mpaka kuja Tanzania, tulikuwa tunasimama kando ya barabara tukiwa watoto. Gari la kiwanda lilifuatwa na mafundi waliovaa sare. Gari la mtu binafsi lilifuatwa na shemeji yake ndani ya pikapu, na dumu la mafuta na shokapu mbili za akiba. Sisi tulishangilia lile la kwanza. Babu yako, unajua alivyokuwa, alitugeuza vichwa: tazameni hilo la pili.

Scott naye alikuwa mtoto wa fundi. Alizaliwa tarehe 29 Agosti 1921 huko Danville, Virginia, mji wa viwanda vya pamba na tumbaku. Baba yake alikuwa dereva na fundi wa magari wa familia mbili za Wazungu wenye uwezo, na kijana akajifunzia ufundi hapo hapo miguuni pake. Viwanda hakuvitaka; hakutaka maisha ya kupigiwa king'ora. Akaendesha teksi, akaoa, akaenda vitani Ulaya na jeshi la Marekani, akarudi na kufungua gereji. Na kwa kuwa gereji ya mtu mweusi katika Virginia ya wakati ule haikulishi vizuri, usiku alisafirisha gongo.

Najua hapo utacheka, lakini ndivyo ilivyokuwa, na si kwake peke yake. Madereva wengi wa kwanza wa mbio zile walitoka kwenye biashara ya gongo. Gari la gongo lilipaswa kuonekana gari la kawaida kabisa kwa nje, na ndani liwe na injini ya kuwaacha polisi kwenye kona. Scott alikamatwa mwaka 1949, akapewa kifungo cha nje cha miaka mitatu. Hakuacha.

Kisa chenyewe ninachokipenda ni cha 1952. Waandaaji wa mbio za Danville walitaka dereva mweusi mmoja ili watu weusi wa mji ule nao wanunue tiketi. Hawakuwa na nia njema, walikuwa na viti vitupu. Wakaenda kuwauliza polisi: huku kwenu nani mweusi anayejua kukimbiza gari? Polisi, ambao walishakula vumbi lake usiku mwingi tu, wakamtaja Scott. Sijawahi kusikia barua ya utambulisho nzuri kuliko hiyo. Muda si mrefu akaanza kushinda, na mwaka 1959 akawa bingwa wa jimbo la Virginia katika daraja lake. Mwaka 1961 akapanda ngazi ya juu kabisa ya NASCAR, akawa mtu mweusi pekee aliyeshindana huko msimu hadi msimu.

Tuje sasa Jacksonville, Florida, tarehe 1 Desemba 1963. Uwanja wa vumbi, nusu maili kwa mzunguko mmoja, mizunguko 200. Scott alikuwa na Chevrolet aliyoinunua kwa dereva mwenzake, Ned Jarrett, baada ya Jarrett kuitumia. Ikibaki mizunguko kama 25, akampita Richard Petty, mmoja wa madereva wakubwa wa mbio zile, ambaye gari lake lilikuwa limeanza kuumwa. Njia ikawa nyeupe mbele yake. Akazunguka, akazunguka, akamaliza ile ya 200, bendera ya miraba, ile ya kumaliza mbio, haikushuka. Akaendelea. Akamaliza 202. Bendera ikashushwa kwa dereva Mzungu, Buck Baker, aliyekuwa nyuma yake kwa mizunguko miwili, na Baker ndiye aliyekwenda kusimama mahali pa mshindi akapewa kikombe.

Scott akadai hesabu ziangaliwe upya. Mwishowe, watazamaji wakiwa wameshaondoka, wakakubali: kweli, tumekosea kuhesabu, wewe ndiye mshindi. Wakamlipa pesa zake. Kikombe kilikuwa kimeshaondoka na Baker.

Yawezekana kukosea kuhesabu, sikatai. Zamani hizo watu waliandika mizunguko kwa kalamu, na kwenye vumbi mtu anaweza kulikosa gari. Lakini mizunguko miwili, kwa gari linaloongoza? Scott mwenyewe aliamini, na wengi wakaamini naye, kwamba hawakutaka mtu mweusi asimame pale mbele ya umati wa Kusini mwa Marekani, ambako desturi ilikuwa mrembo wa mashindano, msichana wa Kizungu, ampe mshindi busu. Ushindi walimpa, hawakutaka kumwonyesha akiwa nao. Ndiyo maana pesa peke yake haikuwatosha watoto wake. Noti za mshindi hazina tofauti na noti nyingine, ukishalipa madeni zimekwisha. Kikombe kinakaa sebuleni, mgeni akiingia anauliza. Kwa nyumba ile, mgeni angeuliza nini?

Na hapa ndipo ninapotaka uelewe kuhusu hao watoto. Walipokuwa wanadai kikombe cha baba yao, walikuwa wanadai na cha kwao pia. Scott hakuwa na pesa za kuajiri mafundi, kwa hiyo timu ilikuwa nyumba yake: mkewe Mary, vijana wake Wendell Junior na Frank, na mabinti. Walilala ndani ya lori kwa sababu hoteli haziwachukui. Walikula alichofunga Mary kutoka nyumbani kwa sababu migahawa ya njiani haiwahudumii. Mtoto wa shule anashika jeki, mwingine anabeba tairi, Jumatatu yuko darasani na mafuta machafu chini ya kucha. Mumeo asome hesabu 495 akijua kwamba nyuma ya kila moja kuna safari ya namna hiyo, kwenda na kurudi, usiku.

Mimi simfanyi malaika. Ni gharama kubwa kuwatwisha watoto ndoto ya baba. Wikiendi zao zote zilikuwa zake. Wenzao wanacheza, wao wanasugua plagi, na uwanjani wanasikia baba yao akitukanwa huku wakiwa wameambiwa wasijibu. Yeye mwenyewe alijizuia miaka mingi: akigongwa makusudi hakurudisha, kwa sababu alijua ugomvi mmoja tu ungewapa kisingizio cha kumfungia lango. Hilo la kujizuia wengi hulisifu. Mimi najiuliza lilimla kiasi gani ndani.

Halafu zikaja mbio za uwanja wa Talladega, Alabama, Mei 1973. Alikuwa na miaka 51, amekopa ili apate Mercury iliyo bora zaidi, apate japo mara moja kukimbia na wenzake akiwa na gari la kweli. Mwanzoni tu mwa mbio magari zaidi ya kumi na tano yakagongana kwa pamoja, naye akaingia humo. Alivunjika mbavu na nyonga. Gari likawa chuma chakavu, deni likabaki zima. Alirudi mara moja tu, Charlotte hapo mlipo, Oktoba ya mwaka huo huo, akamaliza wa 12. Baada ya hapo ikawa gereji ya Danville mpaka kansa ya uti wa mgongo ilipomchukua tarehe 23 Desemba 1990. Kikombe hakukiona.

Uliuliza aliacha nini. Watu hupenda kupima urithi wa dereva kwa mtoto aliyerithi usukani. Kwa kipimo hicho hakuna anayewafikia akina Petty: Lee alishinda Daytona 500, mbio maarufu kuliko zote za NASCAR, zilipofanyika mara ya kwanza mwaka 1959, mwanawe Richard akashinda mara 200, kisha Kyle, kisha Adam. Adam alikufa uwanjani New Hampshire mwaka 2000 akiwa na miaka 19. Mimi mtu akinisifia urithi wa namna hiyo nanyamaza kidogo.

Akina Scott walirithi kazi nyingine. Frank na nduguze hawakuacha kusema, mwaka baada ya mwaka, kwa yeyote aliyetaka kusikiliza na hata asiyetaka. Mjukuu, Warrick, anaongoza taasisi yenye jina la babu yake, inayowafundisha vijana mambo ya sayansi na ufundi. Mwaka 2010 familia ilipewa mfano wa kikombe huko Jacksonville. Januari 2015 mzee akaingizwa kwenye hilo jumba mlilotembelea, mtu mweusi wa kwanza humo. Na tarehe 28 Agosti 2021, kule Daytona, siku moja kabla hajatimiza miaka mia moja kama angekuwa hai, NASCAR wenyewe wakaikabidhi familia kikombe. Wiki chache baadaye, tarehe 4 Oktoba, dereva mweusi Bubba Wallace akashinda Talladega, uwanja ule ule uliomvunja mzee nyonga. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kushinda ngazi hiyo tangu Jacksonville. Mumeo anayependa hesabu atafute ni miaka mingapi hapo katikati, kisha ajiulize waliokuwa wanamtaja Scott miaka yote hiyo ni akina nani. Siyo kampuni ya magari.

Wallace huyo huyo, mwaka 2014, alishinda mbio za pikapu za NASCAR pale Martinsville, si mbali na Danville, akiwa amelibandika gari namba 34, namba ya Scott. Hakuwa mtoto wake wala ndugu yake. Sina hakika mumeo atauweka wapi ushindi huo katika hesabu zake. Mimi nauweka kwa Scott, aniwie radhi.

Ukipata nafasi, mpeleke mjukuu wangu Danville. Kutoka kwenu ni mwendo wa saa mbili na nusu hivi. Kuna barabara imepewa jina la mzee. Msimwonyeshe kibao tu na kurudi. Mtafutieni gereji yoyote iliyo wazi, aone mtu aliyeingia uvunguni mwa gari, maana nasikia huko kwenu mtoto anaweza kumaliza shule hajawahi kuona difu iliyofunguliwa.

Na zile spana za boksi za inchi nilizokuomba, kuanzia nusu inchi hadi inchi moja, usizisahau utakapokuja Desemba. Massey Ferguson ya yule mzee wa Machame imekaa hapa uani tangu mwezi uliopita, na anapita kila asubuhi kuniuliza kama mwanangu wa Marekani ameshafika.

Msalimie mumeo, mwambie sina neno naye.

Baba yako