Acheni kumwambia mtoto "cheka!"

*Fundi, mwanangu wa miaka mitatu nikitoa simu nimpige picha tu ananuna. Nimfanyeje? (Mama Wawili, Tabata)*

Usimfanye chochote, mama. Anayeharibu picha ni huyo anayepiga kelele "tulia, tazama huku, cheka!" Nimewahi kuona watoto wakifinywa ili wachangamke, kisha mzazi ananiuliza mbona picha haina raha. Mpe kazi: achambue mchele na bibi yake, aogeshe mdoli kwenye beseni, avae viatu vya baba. Wewe keti mkekani, simu iwe usawa wa macho yake. Ukipiga umesimama utapata utosi na sakafu. Piga mfululizo, zisizofaa utazifuta usiku. Asiposhurutishwa, punde atasahau kama upo. Na hiyo suti ya harusi ya shangazi mvue, inamwasha.

*Picha za sebuleni zinatoka za njano, tena zimefifia. Ninunue kamera gani?*

Jamani, swali hili tena! Usinunue kitu. Futa lenzi kwa ncha ya kanga, zima taa, fungua pazia, mweke mtoto ubavuni mwa dirisha. Gizani simu huacha lenzi wazi muda mrefu zaidi, na mtoto hasubiri: akisogea, uso unavurugika. Wenye kamera, anzeni na kasi ya shata (muda ambao kamera hupokea mwanga) ya 1/250 ya sekunde, na muiache ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ipande hadi 1600 au 3200. Chembechembe zinavumilika, uso uliovurugika hauvumiliki. Huku kwetu jua la saa sita liko utosini na ndani huingia kidogo, kwa hiyo ngoja saa kumi jioni au wahi saa mbili asubuhi. Mwenye baraza hana haja ya kungoja: kivuli chake kinafaa hata mchana.

*Flashi inapofusha kichanga?*

Hapana. Izime hata hivyo, inamshtua na kumfanya aonekane kabandikwa ukutani.

*Nyumba yangu ndogo, imejaa ndoo na nguo za kuanua. Si bora niende studio?*

Ukafuate pazia lenye maporomoko ya maji? Sogeza ile ndoo nyekundu inayovuta macho, vingine viache. Mtoto akikua atataka kuona kochi lenye vitambaa vya kufuma alilojifunzia kusimama.

*Mama mkwe kanuna kwa kuwa niliweka stetasi picha ya mjukuu wake akioga. Si ushamba huo?*

Mama mkwe yuko sahihi, kamwombe radhi. Stetasi yako inaonwa na fundi bomba, dalali na mtu uliyeuziana naye friji. Vivyo hivyo sare yenye jina la shule. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayotaka ridhaa ya mzazi kabla taarifa za mtoto hazijatumiwa. Itamsaidia nini mtoto ambaye mzazi mwenyewe ndiye mgawaji?

*Ulituhimiza tusafishe picha, yaani tuzichape karatasini. Zangu zimetoka na ukungu, studio imeniibia?*

Ulipeleka zilizopita WhatsApp, sivyo? Huko hubanwa. Tuma kama dokumenti au peleka memori kadi. Kwa inchi 4 kwa 6, pikseli (vinukta vinavyounda picha) 1200 kwa 1800 zinatosha. Na mwenye studio akitaka kumlainisha mtoto uso, mkatalie. Kovu la tetekuwanga ni lake.