Kutimiza miaka 60 ukiwa rubani, nawe unatumia dawa za presha

Ndugu Kapteni, umeuliza kama kutimiza miaka 60 mwakani, ilhali umeanza kumeza dawa za presha, ndio mwisho wa kurusha ndege za abiria. Sivyo. Kwa safari za kimataifa zenye marubani wawili, viwango vya ICAO, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, vinakuruhusu kuendelea hadi utakapotimiza miaka 65, na tangu Novemba 2014 si lazima tena mwenzako awe chini ya miaka 60. Anayerusha peke yake ndiye anayekomea 60. Kitakachobadilika ni upimaji: cheti cha afya cha daraja la kwanza, ulichozoea kukihuisha kila mwaka, kitadumu miezi 6 tu.

Kuhusu presha, nakusihi sana usimfiche daktari wa usafiri wa anga. Presha iliyodhibitiwa kwa dawa zinazokubalika kwa kawaida haimnyimi rubani cheti, lakini baadhi ya dawa huleta kizunguzungu mtu anapoinuka, ndiyo maana wapimaji hutaka kwanza kuona mwili umeizoea dawa. Ukianzishiwa dawa mpya au ukibadilishiwa kiasi, usirushe ndege mpaka daktari huyo akuruhusu.