Preseti haitakusafishia picha

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo Mbagala Rangi Tatu, nina miezi minne tangu ninunue kamera, Canon ya megapikseli 24 na lenzi yake ya 18–55. Mwezi uliopita nilipiga sendofu ya binti wa jirani, ukumbini, taa za zambarau jukwaani na nyeupe mezani. Rafiki aliniambia niwashe RAW, yaani picha ghafi ya kamera, pamoja na JPEG, ile picha ya kawaida. Nilipofungua kwenye kompyuta, RAW zote zimepauka, JPEG ni nzuri kuliko hizo. Kuna kaka anauza preseti 500, yaani mipangilio ya kuhariri iliyotengenezwa tayari, kwa shilingi 15,000, anasema ukiwa nazo huhitaji RAW wala kujifunza kuhariri. Alinipa moja ya majaribio, nikaiweka kwenye JPEG ya mama wa binti. Mama akaitazama, akaniambia, "Mwanangu, huyu si mimi." Je, RAW ni ya waliobobea tu? Nirudi kwenye JPEG ninunue hizo preseti?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hiyo 15,000 kaa nayo. Swali lako naletewa karibu kila wiki, na karibu kila mara nyuma yake kuna muuza preseti.

RAW zako hazijapauka. Hazijasafishwa. Enzi za mkanda neno letu lilikuwa hilo: unapiga, unapeleka studio, unarudi kesho kuuliza kama picha zimeshasafishwa. Hakuna aliyetoa mkanda kwenye kamera akaulaumu kwamba hauna picha. Sasa kwenye JPEG kamera yenyewe inajifanya studio. Inaongeza ukali wa rangi, inakoleza vivuli, inanoa kingo, inafuta chengachenga, inaamua weupe ni upi, halafu inatupa kila kilichobaki. Hata ile picha unayoiona kwenye kioo cha nyuma ni JPEG ndogo iliyobebwa ndani ya faili la RAW. Ndiyo maana ukifungua kwenye kompyuta picha inakuwa nzuri kwa sekunde moja, kisha inafifia mbele ya macho yako. Vijana wengi wameiacha RAW kwenye sekunde hiyo.

Na kilichotupwa si kidogo. JPEG inatunza ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. RAW ya biti 14, na nyingi za Canon za daraja lako ndizo hizo, ina ngazi 16,384. Kwa picha iliyopigwa sawasawa kwenye mwanga mzuri hutaona tofauti. Tofauti utaiona mama akiwa amekaa meza ya nyuma, taa ipo mgongoni kwake, uso umezama gizani. Ukiuinua uso ule kwenye JPEG, ngazi chache zilizobaki kwenye kivuli zinavutwa hadi zinaachana, mashavu yanatoka mabaka. Kwenye RAW uso unapanda na ngozi yake. Sisi tunapiga watu weusi ndani ya kumbi zenye mwanga hafifu, na kamera inapokoleza vivuli, kinachokolezwa ni nyuso zetu. Kwa hiyo ukiniuliza nani anaihitaji RAW kuliko wote, nitakujibu ni wewe mwenye miezi minne, maana bado unakosea mwanga na unahitaji nafasi ya kurekebisha.

Sasa niseme kuhusu preseti, kwa sababu hapa ndipo watu wanaharibiwa. Preseti ni kumbukumbu ya namba tu. Mtu fulani alifungua picha yake, akasogeza vitelezi, vile vidhibiti vya kuburuta kwenye programu ya kuhariri, mpaka akaridhika, akahifadhi pale vilipofika. Picha yake ilipigwa kwa mwanga wake, pengine dirishani, pengine machweo, kwa ngozi ya mtu wake. Preseti haijui kwamba wewe ulikuwa ukumbini usiku. Inasogeza namba zilezile, na ikiangukia vizuri ni bahati. Mpiga picha anayejua kuhariri anaweza kutengeneza za kwake zikampunguzia kazi, kwa picha 200 zilizopigwa ukumbi mmoja kwa mwanga mmoja. Huyo ameshaelewa kila namba inafanya nini. Wewe unauziwa namba 500 usizozijua na mtu ambaye hajaziona picha zako.

Fungua hiyo ya majaribio uliyopewa, utazame vitelezi vya rangi moja moja. Nina hakika utakuta rangi ya chungwa imepunguzwa ukolevu na kupandishwa mwanga. Programu inapogawanya rangi, ngozi ya binadamu inaangukia kwenye chungwa, na ngozi zetu za kahawia zimo humo humo. Kwa hiyo anayevuta chungwa juu anachubua watu wote waliomo kwenye picha kwa mkupuo mmoja. Hapo ndipo mama wa binti alipogeuka rangi ya majivu, shingo rangi moja na mikono rangi nyingine. Aliyekuambia "huyu si mimi" ameona sahihi kuliko huyo muuzaji. Mama amevaa kitenge chake, amesuka, amemlea binti mpaka siku ile, halafu sisi tunampelekea sura ya mtu mwingine aiweke sebuleni. Jambo hili linaniuma, na nalitamka wazi: kumbadilisha mtu rangi bila yeye kuomba si uhariri.

Kuhusu taa za zambarau nikuambie ukweli, maana RAW nayo ina mwisho wake. Unakaa Rangi Tatu, na sensa yako, ile sehemu ya ndani ya kamera inayopokea mwanga, nayo inaishi kwa rangi tatu. Kila kijicho chake kimefunikwa kichujio cha rangi moja tu: nusu ya vijicho ni kijani, robo nyekundu, robo bluu. Mpangilio huo ni wa Bryce Bayer wa Kodak, hataza yake ilitoka 1976, na kamera nyingi mpaka leo zinautumia. Programu ndiyo inayokadiria rangi mbili ambazo kila kijicho hakikuziona. Taa ya zambarau ya jukwaani huwa ni bluu na nyekundu zikiwaka pamoja, kijani karibu hakuna. Maana yake nusu ya sensa ilikuwa imekaa gizani. Usipoteze usiku mzima kurekebisha weupe wa picha hizo, hakuna weupe humo wa kurekebisha. Zile ambazo tukio ni zuri zigeuze nyeusi na nyeupe. Safari ijayo beba flashi, ielekeze dari nyeupe au ukuta nyuma yako, uso upate mwanga wenye rangi zote.

Vilevile RAW hairudishi fokasi iliyokosewa wala mkono uliotikisika. Na sehemu nyeupe iliyoungua imeungua. Mimi mwenyewe miaka ya mwanzo nilipiga bibi harusi ufukweni Kigamboni saa saba mchana, nikaacha gauni liwake huku nikijiambia RAW itaniokoa. Nyumbani nikashusha mwanga mpaka bahari ikawa wino, gauni likageuka kijivu kitupu. Leso ya mkononi ilikuwa na darizi, kwenye picha ikabaki kama karatasi. Bibi harusi aliuliza darizi imekwenda wapi, na sikuwa na la kumjibu. Tangu hapo kwenye jua kali naangalia histogramu, ile chati ya mwanga kwenye kioo cha kamera, giza kushoto na mwanga kulia, kila baada ya picha chache, na ikigonga ukuta wa kulia napunguza mwanga papo hapo.

Mbali na preseti, kuna wengine utakutana nao. Kuna anayechukua JPEG yako "aibadilishe kuwa RAW". JPEG inaweza kuhifadhiwa kama faili la DNG, ambalo ni aina ya faili la RAW, jina likabadilika na ukubwa ukaongezeka, lakini zile ngazi zilizotupwa hazirudi kwa mganga yeyote. Kuna anayekuuzia kwenye flashi ya kompyuta programu kubwa ya kuhariri iliyovunjwa ulinzi. Ukiwekewa na kirusi ndani, siku moja unawasha kompyuta mafaili hayafunguki, na harusi za watu zimo humo. Huna sababu ya kuiba. Darktable na RawTherapee ni za bure kabisa, na Canon wenyewe wanatoa Digital Photo Professional bure kwa wenye kamera zao. Anza na hiyo ya Canon, inafungua RAW zako ikiwa na rangi zilezile za kamera, hutashtuka. Na kuna wanaotumiana picha kwa WhatsApp kama picha za kawaida, zinabanwa njiani, halafu wanamlaumu mhariri. Tuma kama faili.

Wote hao wanauza kitu kimoja, yaani kutokujifunza. Na kujifunza kwenyewe si mlima. Endelea na RAW pamoja na JPEG. Faili moja la RAW kwa kamera yako ni kama MB 30, kadi ya GB 32 itabeba picha mia saba au mia nane ukipiga vyote viwili. Mteja mwenye haraka mpe JPEG usiku uleule, wewe baki na RAW za kujifunzia, na uziweke sehemu mbili, maana diski haikuagi siku inapokufa. Usiogope kuharibu: mabadiliko yanaandikwa pembeni kama maelekezo, ulichopiga kinabaki vilevile, ukikosea unarudi mwanzo.

Chagua picha kumi tu za ile sendofu, zisizo za jukwaani. Anza na ya mama, iliyopigwa mezani kwenye taa nyeupe. Chukua kidonoa cha weupe, kile chombo cha kuionyesha programu kipi ni cheupe, bonyeza kitambaa cheupe cha meza palipo na kivuli kidogo, pasipoungua. Utaona ukijani wa taa unaondoka usoni kwake. Kisha pandisha mwanga wa jumla taratibu huku unamtazama yeye, si kitambaa. Simama uso unapokaa sawa. Vivuli viinue kidogo, nywele zianze kuonekana zilivyosukwa. Kitambaa kikiwa kimezidi kung'aa, shusha kitelezi cha maeneo yenye mwanga mkali peke yake. Rangi ya chungwa usiiguse. Ukimaliza, ondoka mezani, kanywe chai, urudi uitazame upya kwa macho yaliyopumzika, halafu ichapishe na umpelekee mkononi. Usiseme neno, msubiri aitazame.